Mwembe wa Uwanjani: Nani Atapanda Juu?

Bondeni Kyela, kuanzia Ipinda hadi Matema na kutoka Ngonga hadi Kajunjumele, uwanja wa zamani usio na mwembe ni wa kutafuta. Mti ulipandwa, au ulijiotea mahali mtoto alipotupa kokwa, enzi nyumba ikiwa ya mianzi na nyasi. Embe likiangukia nyasi halikudhuru kitu. Leo nyumba ni ya tofali za kuchoma na bati, mwembe umeipita mara mbili kwa urefu, na usiku wa Desemba embe moja tu likidondoka juu ya bati mgeni huamka akidhani kuna mwizi. Mti wenyewe unazaa mwaka huu, mwaka kesho unapumzika. Tawi moja limekauka. Hapo ndipo familia huitana kikao.

Nimekikusanya kikao hicho katika uwanja mmoja wa kubuni na kuwapa sauti watu wanne: Bibi mwenye uwanja, Mjukuu wake anayelima kakao, Bwana Shamba mstaafu anayeishi jirani, na Fundi Mitumbwi aliyetoka Matema baada ya kusikia kuna mti unaweza kuuzwa. Majina sikuwapa, msomaji wa Kyela atawajaza mwenyewe. Mimi nitaingilia nitakaposhindwa kunyamaza.

MJUKUU: Bibi, shikamoo. Naomba nimalize kwanza ndipo mnijibu. Mwembe huu umekalia eneo la mita ishirini kwa ishirini. Kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hapo inaingia mikakao arobaini na ushee. Mwaka 2024 kakao ilivuka dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia. Sisi mwembe ulitupa nini mwaka huo? Maembe yenye nyuzi, mengi yana funza, na bati limebonyea sehemu mbili. Halafu lile tawi kavu liko juu ya jiko. Siku likianguka kuna mtu ndani, nani atasimama aseme alikuwa anakipenda kivuli?

BIBI: Marahaba, mume wangu. Kakao usinifundishe. Naipeleka AMCOS mwenyewe, nasubiri mnada wa stakabadhi ghalani na wenzangu, na mwaka 2025 niliiona bei ikiteremka. Mwembe haujawahi kuteremka bei kwa sababu haujawahi kuuzwa. Mwezi wa kumi na mbili mpunga wa zamani umekwisha ndani, mpya ndiyo kwanza unapandwa. Wewe na ndugu zako miezi hiyo mlikuwa mnakula nini mkirudi kuoga mtoni?

Hapo Bibi ametia mkono mahali ambapo hesabu ya mikakao haikufika. Embe Bondeni linaiva Novemba hadi Januari, miezi ambayo ghala ni jepesi. Chakula kinachokuja wakati huo hakipimwi kwa bei ya gunia. Lakini msomaji ameona pia kwamba tawi kavu amelipita kimya.

BWANA SHAMBA: Mjukuu ana haki kwa jambo moja. Chini ya mwembe mzee wa namna hii kakao haiendi. Hapa tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukiongeza kivuli kizito kisichopitisha hewa, maganda ya kakao yanaoza meusi kabla ya kukomaa. Lakini ukiukata mwembe wote, miche ya kakao itabaki juani. Mkakao mchanga unataka kivuli chepesi, ndiyo maana tunaanza na migomba. Kwa hiyo hesabu yako, kijana, ianze na mwaka wa migomba, halafu miaka mitatu au minne ya kungoja. Bei utakayouzia ni ya wakati huo, si ya 2024.

FUNDI MITUMBWI: Mama, ndaga. Mimi sikuja kwa kakao wala kwa kivuli, nimefuata shina. Pwani ya bahari ngalawa nyingi zinachongwa kwa mwembe. Ni mti mnene, unachongeka, tena uko karibu na watu. Huku ziwani mti mnene wa msituni sasa unausikia tu. Nikipata shina zima nitaangusha mwenyewe, matawi mtapeleka kwenye tanuri la tofali, na pesa nitawaachia. Ila kwanza niusikilize.

Fundi anageuza shoka na kulipiga shina kwa kisogo chake, kuanzia usawa wa goti akipanda juu. Upande wa jua kuchomoza sauti ni fupi na kavu, chuma kimekutana na kitu kigumu. Anazunguka. Chini ya kovu la tawi lililokatwa zamani, mahali palipozibwa kwa saruji, sauti inabadilika: inajaa, inakaa kidogo kabla ya kupotea. Anapiga tena palepale, akipandisha shoka kiganja kimoja kimoja, na kwa ukucha anachora mstari mahali sauti inaporudi kuwa kavu. Kisha analiegemeza shoka ukutani.

FUNDI MITUMBWI: Umeoza moyo. Kuanzia hapa chini hadi hapa juu, kama urefu wa mtu mzima. Mtumbwi wa shina hakuna. Labda lile tawi kubwa la upande wa kisima.

MJUKUU: Mmesikia wenyewe. Umeoza! Tunabishania maiti.

BWANA SHAMBA: Taratibu. Mti hauishi kwa moyo wake. Sehemu inayoishi iko chini ya gome, huko ndiko maji yanakopanda na chakula kinakoshuka. Katikati ni mbao iliyokwisha kufanya kazi, ipo kwa ajili ya kubeba uzito tu. Na hata uzito, bomba lenye kuta nene linaubeba vizuri. Mjerumani mmoja, Claus Mattheck, alipima miti mingi iliyosimama na iliyovunjika, akatoa kipimo ambacho wakata miti wengi wanakijua: ukuta mzima uliobaki ukiwa theluthi au zaidi ya umbali kutoka gomeni hadi katikati, shina bado lina nguvu ya kusimama. Ukipungua hapo, hofu ianze. Kipimo hicho hakitoshi kama shimo liko wazi upande mmoja au kama mti umeanza kuinama, lakini ni bora kuliko kusema "umeoza" na kuleta chensoo.

MJUKUU: Na ukuta wa huu ni mnene kiasi gani?

BWANA SHAMBA: Tutoboe kwa keekee nyembamba mahali pawili, pale Fundi alipochora, tuone unga unaotoka unabadilika wapi. Na tuangalie chini. Mkiona uyoga mgumu wa kigamba umeota kwenye shina au kwenye mizizi mikubwa, hiyo ni dalili mbaya kuliko sauti ya shoka. Udongo ukipasuka upande mmoja baada ya upepo, msilale nyumba hiyo.

BIBI: Saruji ile aliiweka marehemu babu yenu. Alisema tuuzibe jino. Ina maana alikosea?

BWANA SHAMBA: Hakukosea peke yake, mama. Enzi hizo hata vitabu vilisema hivyo. Ulaya na Marekani walijaza saruji miti ya bustani zao. Aliyewabadilisha mawazo ni Alex Shigo, wa Idara ya Misitu ya Marekani. Alipasua miti maelfu kwa urefu, akaangalia ndani. Mwaka 1977 akaeleza alichokiona: mti hauponyi kidonda. Unakizungushia ukuta. Sehemu iliyooza inafungiwa humo, na mbao mpya inaota nje yake. Ukichokonoa shimo ili kulisafisha, unauvunja ukuta huo na uozo unatoka. Ukimimina saruji, mti unayumba kwa upepo, saruji haiyumbi, maji yanapata upenyo kati yake. Hapa Bondeni, kwa mvua hii, unyevu haukauki humo mwaka mzima.

BIBI: Basi tuitoe?

BWANA SHAMBA: Iliyoshikana tuiache. Tusiongeze nyingine tu.

Nakiri napenda jibu hilo la mwisho, na si kwa sababu za kilimo. Kuna wataalamu ambao, wakishajua jambo jipya, hawalali mpaka wamebomoa la zamani. Huyu ameitazama saruji ya marehemu akaiacha mahali pake kwa sababu kuitoa kungeudhuru mti. Kwamba imeokoa pia heshima ya mume wa mtu mbele ya wajukuu, hilo sijui kama alilipanga.

MJUKUU: Mzee, nimekuelewa, lakini hukunijibu swali langu. Tawi liko juu ya jiko.

BWANA SHAMBA: Tawi kavu halina mjadala. Linatoka. Kinachobaki ni namna ya kulitoa, maana nimeona matawi yakitolewa kwa kuua mti. Mtu anapanda na panga, anakata kutoka juu, tawi linalemewa na uzito, linashuka na gome la shina mita nzima. Hicho kidonda mti hauwezi kukizungushia chochote. Unakata mara tatu. Kwanza unachanja chini ya tawi, mbali kidogo na shina, theluthi ya unene wake. Kisha unakata juu, mbele zaidi ya pale ulipochanja. Tawi litavunjika lenyewe na kukatikia kwenye ule mchanjo. Sasa uzito umekwisha, umebaki na kisiki kifupi. Kisiki unakikata karibu na shina, ila unaiacha ile shingo iliyovimba pale tawi linapoota. Ukiikata shingo umeondoa sehemu ambayo ingefunga kidonda. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na kuupeleka uozo ndani. Na msipake lami wala rangi. Na kama waya wa umeme unapita karibu, TANESCO waitwe kwanza.

MJUKUU: Tawi kavu tumemaliza. Ule urefu je? Upepo wa mwera ukitoka ziwani mwezi wa sita, kilele kile kinacheza mpaka nyumba nzima inasikia.

BWANA SHAMBA: Urefu ndio ugonjwa wenyewe. Angalia: maembe ya juu hakuna anayeyafikia, yanaangushwa kwa mawe au yanaanguka yenyewe. Yaliyoanguka yamechubuka na nzi wa matunda wameshayadunga. Dawa ukitaka kupulizia, bomba la mgongoni halifiki huko. Ndani ya mti ni giza, hewa haipiti, maua yakitoka yanashikwa na chule, yanakuwa meusi na kudondoka. Mwembe ukiushusha hadi kimo ambacho mtu mwenye ngazi anafika, magonjwa nusu yake umeyashusha nayo.

BIBI: Kuushusha ndiyo kuukata. Unataka kunibembeleza kwa neno jingine.

BWANA SHAMBA: Hapana, mama. Siushushi siku moja. Mti mzee ukiunyoa wote unatoa maotea mengi kwa hasira, shina linaungua jua, na chakula kilichobaki mizizini kinaishia kwenye majani. Ninaugawa mafungu matatu. Mwaka wa kwanza fungu moja, wa pili la pili, wa tatu la mwisho. Matawi makubwa yatakayobaki uchi juani tunayapaka chokaa. Maotea yakitoka, tunabakiza machache yaliyokaa vizuri.

MJUKUU: Lini? Vitabu vinasema baada ya mavuno.

Swali hili ni dogo masikioni lakini ndilo linalotenganisha maneno ya vitabuni na uwanja wa Kyela. Mahali pakavu, mkulima huvuna, hupogolea mara moja, na mwembe hupata muda wa kutoa majani mapya na kuyakomaza kabla ya msimu wa maua. Bondeni mavuno yakiisha Januari mvua ndiyo kwanza inachanganya, na Machi na Aprili hakuna siku ya kukauka. Vidonda vibichi katika mvua hiyo ni mlango wazi wa ukungu, na mtu aliye juu ya gome lenye utelezi ana hatari kuliko tawi lenyewe. Ukisubiri Juni mvua ikate, umekutana na mwembe ukijiandaa kutoa maua. Kila tawi unaloondoa linaondoka na maembe yake ya Desemba. Hakuna mwezi usio na hasara.

BWANA SHAMBA: Mimi nachagua Juni mwanzoni, mvua ikishakata, kabla mwera haujashika kasi. Tutapoteza maua ya fungu hilo. Theluthi ya mavuno ya mwaka mmoja, kisha theluthi nyingine, kisha nyingine. Nasema wazi ili Desemba mtu asinifuate nyumbani.

BIBI: Na matawi yatakayobaki, nitawasha moto chini yake mwezi wa saba, moshi upande. Unahimiza maua. Mama yangu alifanya hivyo, na vijana wakamcheka.

MJUKUU: Bibi, moshi?

BWANA SHAMBA: Usicheke. Ufilipino walifukiza miembe kwa moshi miaka mingi ili itoe maua, na ilitoa, kwa kuwa ndani ya moshi mna hewa inayoamsha vichipukizi. Miaka ya 1970 mtaalamu wao, Ramon Barba, akaonyesha kwamba kupulizia potashi naitreti kunafanya kazi hiyohiyo bila kukesha na kuni. Nchi nyingi zinaitumia mpaka leo. Kwa hiyo mama yako hakuwa na ushirikina. Ila moto uwe mdogo na uwe mbali na shina. Ukiunguza gome umeharibu kuliko ulivyohimiza. Na usihimize maua kabla mvua haijakata, yote yataliwa na chule.

BIBI: Umesikia, mume wangu?

MJUKUU: Nimesikia. Na funza je? Hao nao ni wa asili?

BWANA SHAMBA: Hao wageni. Nzi mkubwa wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana kwetu. Bibi yako alipokuwa msichana hakumjua. Huyu hapigwi kwa dawa ya mti peke yake. Kila embe lililoanguka liokotwe siku hiyohiyo, litiwe kwenye mfuko mweusi, ufungwe, uwekwe juani siku kadhaa. Au lifukiwe kina cha nusu mita. Likiachwa chini, funza anatoka, anaingia udongoni, anarudi ni nzi. Pwani wanao chungu wekundu, maji moto, wanaowafukuza nzi hao juu ya mti. Sisi wa kuokota ni mikono yetu.

FUNDI MITUMBWI: Nani ataokota kila siku? Watoto wako shule, kijana yuko kwenye kakao, mama miguu inauma.

Hakuna aliyejibu, nami ninakaa hapo kidogo. Mpaka sasa mjadala umekwenda baina ya anayetaka mti uondoke na anayetaka ubaki, na kila mmoja ana sababu zenye uzito. Lakini tazama wanachofanana. Mjukuu anataka siku moja ya chensoo, mambo yaishe. Bibi anataka siku moja ya kikao, aambiwe mti hauguswi, mambo yaishe. Mwembe mzee hauna siku ya kuisha. Unataka mtu wa kuokota maembe mabovu Desemba yote, wa kupanda juu kila Juni, wa kupunguza maotea Oktoba, wa kuzunguka shina baada ya kila tufani akiangalia nyufa. Nimeona miembe mingi iliyopendwa sana na isiyoguswa na mtu hata mara moja. Ndiyo iliyoangukia majiko. Anayesema mti ubaki amejitwisha kazi, na kama hawezi kuifanya wala kuilipia, basi kura yake ni nyepesi kuliko anavyodhani. Hilo namwambia Bibi kwa heshima zote. Kijana naye nina lake: mikakao arobaini nayo inataka kupogolewa na kuokotewa maganda yaliyooza, kila wiki ya mvua. Atakayeuona mwembe ni kazi nyingi atashangaa atakapohesabu.

BIBI: Mimi ninafagia. Kila asubuhi uwanja huu ni mweupe. Huwezi kusema siutunzi.

BWANA SHAMBA: Mama, hapo naomba radhi mapema. Ufagio ndio unaoumaliza. Uwanja msafi ni sifa ya Wanyakyusa tangu zamani. Joseph Thomson alipofika huku kaskazini ya ziwa mwaka 1879 alistaajabia migomba na usafi wa vijiji. Lakini migomba ililishwa majani na samadi, mwembe huu umefagiliwa. Majani yake yote yamekwenda shimoni kuchomwa. Mvua inapiga udongo mtupu, inauchukua, mizizi imebaki nje, watu wanaikanyaga. Mti umekula nini miaka yote hiyo?

BIBI: Majani yakikaa nyoka wanakaa.

BWANA SHAMBA: Basi tugawane. Kutoka mlangoni hadi jikoni, na nusu ya kivuli upande wa nyumba, fagia. Upande wa kisima majani yabaki, pale ncha za matawi zinapoishia, maana mizizi inayokula iko huko, haiko shinani. Samadi na majivu nayo tupeleke hukohuko. Usirundike kitu kugusa shina, gome litaoza. Maembe yaliyoanguka hayabaki upande wowote.

BIBI: Nusu sawa. Wageni wakija wasiseme mimi mvivu.

MJUKUU: Tukishafanya yote hayo, embe ni lilelile la nyuzi. Kwa nini, pale tutakapokata, tusibebeshe embe la soko? Nimeona Mbeya mti mmoja una aina mbili.

BWANA SHAMBA: Inawezekana. Tawi likishushwa, maotea yatakapofika unene wa penseli unachagua mawili matatu na kuyabebesha vikonyo vya aina nyingine. Mizizi mikubwa ipo tayari, kwa hiyo hungoji miaka ya mche wa kokwa. Kwa unyevu wetu ningeangalia Tommy Atkins, anavumilia chule kuliko wengi, ingawa na yeye ana nyuzi na watu wanamsema kwa utamu.

BIBI: Mnibadilishie embe ndani ya mti wangu! Huyo Tomi alipandwa na nani?

BWANA SHAMBA: Yeye ni bahati ya kokwa, mama, kama wako. Florida mwaka 1902 kapteni mmoja, John Haden, alipanda makokwa ya embe la Kihindi liitwalo Mulgoba. Mti mmoja ukatoa embe jekundu lisilofanana na mama yake. Kapteni alikufa mwaka uliofuata, hakulionja. Mkewe akautunza, embe likapewa jina la Haden, na kwenye kokwa la Haden akatoka Tommy Atkins. Kwa hiyo sisemi embe lako ni la kutupa. Ninasema hatujui lina thamani gani, na mti uliolibeba una moyo uliooza.

FUNDI MITUMBWI: Kabla ya kuushika mti, mnao mtoto wake?

Swali la maana kuliko yote limetoka kwa aliyekuja kununua mbao. Ujiji, penye ukumbusho wa Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871, mwembe wa wakati ule haupo, na wageni huonyeshwa miembe miwili inayosimuliwa kwamba ilibebeshwa kutoka kwake. Kuna watu waliokumbuka kuchukua vikonyo mapema. Kwenye nyanja zetu mti huanguka Aprili, na Mei ndipo mtu huuliza kama kuna aliyepanda kokwa.

BWANA SHAMBA: Hapo Fundi ametushinda sote. Tuanze na mrithi. Desemba hii tupande makokwa ya mti huuhuu, yakiwa mabichi, siku ileile embe linapoliwa. Kokwa likikauka halioti. Tuyatazame yakiota. Kokwa linalotoa machipukizi kadhaa, mengi ya hayo ni nakala ya mama. Linalotoa moja tu ni bahati nasibu, mche unaweza kufanana na mama, unaweza usifanane. Tusitegemee hilo peke yake. Miche ikifika unene wa penseli tuibebeshe vikonyo vya mwembe huu, tukivitoa kwenye matawi yanayozaa. Huo utazaa embe la Bibi bila wasiwasi, tena baada ya miaka mitatu minne, na ukiupogolea tangu utoto hautapita bati.

MJUKUU: Utapandwa wapi?

BWANA SHAMBA: Mbali na nyumba. Hatua kumi na tano za mtu mzima, si pungufu.

MJUKUU: Hapo ndipo nilipotaka kakao.

BIBI: Kakao yako izunguke.

MJUKUU: Sawa, izunguke. Lakini tuseme la pesa. Wa kupanda juu ni nani, na analipwa nini? Mimi sipandi. Sina bima wala kamba.

FUNDI MITUMBWI: Nitapanda mimi. Kamba ninayo, na kijana wangu atashika chini. Mwaka wa kwanza mtanipa chakula na mpunga debe mbili. Mwaka wa pili lile tawi la kisimani nitalichukua liwe ujira, litatoa kimtumbwi cha mtu mmoja. La tatu tutazungumza.

BWANA SHAMBA: Bei nzuri hiyo, mama. Usipokubali nitakubali mimi. Tuanze na upande wa jiko, Juni.

BIBI: Upande wa jiko ndio unaozaa kuliko pote. Kisimani kuna majani matupu. Kwa nini muanze na unaonilisha?

BWANA SHAMBA: Kwa sababu chini yake wanakaa watu.

BIBI: Basi watu wahame. Jiko lijengwe upande wa migomba.

MJUKUU: Jiko la tofali, Bibi? Lihame kwa ajili ya embe?

BWANA SHAMBA: Kusema kweli, hata hiyo ni njia. Hatari ina vitu viwili, kinachoanguka na kinachoangukiwa. Ukiondoa kimojawapo imepungua. Ila tofali zina gharama.

BIBI: Nimekubali mrithi, nimekubali nusu ya majani, nimekubali kisimani kuanza kupunguzwa. Tawi kavu mlitoe kesho, leo mkitaka. Lile bichi la juu ya jiko, kwanza kaeni mhesabu tofali, na wewe, mume wangu, uniambie zile zilizobaki kwenye tanuri lako ni ngapi.